Golikipa wa Akiba wa Saint Odile

"Kwisha habari yao!" Chumvi alipiga meza kwa kiganja hadi kahawa ikaruka vikombeni. "Sikieni wenyewe, iko hapa kwenye simu. Golikipa wa Saint Odile kashikwa na homa, yuko kitandani hotelini. Fainali ya taifa ya magongo ya barafuni ni leo mchana, na golini anasimama yule wa akiba!"

Lorraine, mwenye mkahawa, aliacha kumimina kahawa.

"Mbona mmeganda? Mmekuwa kama samaki waliotupwa juu ya barafu!"

Mwalimu Skalko alimkanyaga mguu chini ya meza. "Dale," akasema, akimwita kwa jina lake halisi, jambo alilolifanya misibani tu. "Golikipa wa akiba wa Saint Odile ni nani?"

"Nitajuaje mimi? Wa akiba si wa akiba? Kama tairi la..." Akageuka taratibu kumtazama Bibi Helmi Kortesmaa aliyekaa mkabala naye. "Mungu wangu. Siiri."

"Siiri," Bibi Helmi akaitikia. Alikuwa ameshika donati. Hakuila, wala hakuirudisha kwenye sahani.

Meza ile ya karibu na televisheni, kwa Lorraine pale mjini Birch Siding, ilikuwa yao kila Jumapili baada ya kanisa. Dale walimwita Chumvi kwa kuwa ndiye anayeendesha lori la kumwaga chumvi barabarani theluji ikianguka, na kwa kuwa maneno yake hayakosi kidonda. Skalko alikuwa mwalimu wa historia, kastaafu, ila kufundisha hajaacha. Bibi Helmi walimwita Kocha. Hakuna mechi iliyoonyeshwa mle bila yeye kuwapigia kelele wachezaji kupitia kioo, "Rudi nyuma! Toa pasi! Una gongo au una mwiko?" Watalii wa kuteleza kwenye theluji walikuwa wakihama meza.

Ubaya mmoja tu. Mji mzima, tangu enzi na enzi, ulikuwa wa Dubu, timu ya wasichana ya chuo kikubwa cha jijini, mabingwa wa taifa mara zisizo na idadi. Saint Odile kilikuwa chuo kidogo cha masista huko misituni. Kufika kwao fainali kulishangaza hata masista wenyewe. Na Siiri, mjukuu wa Helmi, alikuwa mwaka wake wa nne kwenye benchi la chuo hicho, akifungua milango ya kizimba wenzake wapite kuingia uwanjani.

"Kocha, nisamehe," Chumvi alisema. "Sikujua."

"Nikusamehe nini? Umesema uongo?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kunywa kahawa."

"Mimi nasema atazuia," Lorraine akaingilia, birika mkononi. "Si Kocha mwenyewe kamlea gereji? Tangu ana miaka sita anapigiwa kwa gongo vile visahani vya mpira mgumu na bibi yake. Mlango wa mashine ya kufulia mpaka leo una bonde."

"Lorraine, mama, mashine ya kufulia haichezi fainali ya taifa," Chumvi alijibu. "Wale Dubu wana yule nahodha wao, yule dada wa kutoka Kanada. Akipiga kile kisahani hukioni, unasikia tu wavu unalia. Mimi nampenda Siiri kama wangu, lakini leo ni mvua ya mawe juu ya paa la karatasi."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," Mwalimu akasema.

"Mimi nishazaliwa, Mwalimu, na nina baridi yabisi. Matusi yangu hayana hatari."

Walicheka wote isipokuwa Helmi. Miaka yote alikuwa akiomba mtoto aingie uwanjani, hata dakika tano, hata timu ikiwa inaongoza kwa goli nane. Mungu naye kajibu, tena kwa wingi kuliko alivyoombwa.

Televisheni iliwashwa. Timu zikatoka. Siiri akaonekana, mkubwa ndani ya yale mapedi ya kujikinga kama godoro lililosimama, akagonga nguzo za goli kwa gongo lake, kushoto, kulia.

Bibi Helmi akasimama, akavaa koti.

"Kocha, unakwenda wapi?" Lorraine aliuliza.

"Garini."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Akatoka. Kupitia dirisha, juu ya theluji chafu iliyorundikwa nje, walimwona akipanda gari lake la mizigo, akafunga mlango, akatazama mbele kama mtu anayesubiri treni ipite.

"Haya makubwa," alisema Chumvi. "Mwanamke aliyemtukana refa wa Olimpiki anaogopa televisheni!"

Ndani ya gari hakukuwa na joto, naye hakuwasha injini. Helmi aliwaza mambo ya kipuuzi: kama Siiri amekula, kama soksi zake ni kavu. Dakika zikapita. Mara akamwona Chumvi dirishani, mikono yote miwili juu. Goli! Wamemfunga! Akashusha kioo.

"Ngapi?" akapaza sauti.

Chumvi akafungua mlango wa mkahawa. "Ngapi nini?"

"Si umeinua mikono!"

"Nilikuwa najinyoosha mgongo! Bado sifuri kwa sifuri!"

"Dale, ukijinyoosha tena mbele ya dirisha nitakugonga kwa gari!"

Kipindi cha pili Dubu wakapata goli moja. Siiri alizuia kwa goti, kisahani kikarudi, Dubu mwingine akakigonga ndani. Saint Odile wakasawazisha dakika za mwisho za kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, kwa goli la kubahatisha ambalo Mwalimu alisema ni mkakati na Chumvi akasema ni ajali ya barabarani. Lakini katikati ya hayo Siiri alikuwa akifanya maajabu. Alilala, akanyanyuka, akadaka kwa glavu visahani ambavyo mkahawa mzima ulikuwa umeshavililia. Meza za jirani ziliacha kula. Mzee mmoja mwenye fulana ya Dubu aliivua akaikalia.

"Kipindi hiki wamempigia mara ngapi?" Lorraine aliuliza.

"Nimeacha kuhesabu," Mwalimu alisema. "Yule nahodha sasa anapiga huku amefumba macho."

Chumvi alikuwa akitafuna kijiti cha kukorogea kahawa.

Sare, goli moja kila upande. Muda wa nyongeza, na goli la kwanza ndio mwisho wa maneno. Lorraine akavua aproni, akatoka nje na viatu vyake vya ndani, akafungua mlango wa gari kwa nguvu.

"Shuka."

"Sitaki."

"Helmi, mwenzangu we, nisikilize vizuri. Yule mtoto kasimama mbele ya risasi mchana kutwa. Wewe unaogopa kioo?"

"Siogopi kioo. Naogopa nikitazama atafungwa."

"Mbona hukutazama na wamemfunga?"

Helmi akafikiri kidogo. Akashuka.

Walimpisha kiti cha mbele. Alikaa na koti lake, mikono katikati ya magoti, mdomo umefungwa. Dubu wakashambulia. Siiri akazuia. Wakashambulia tena, nahodha akabaki peke yake na goli, na Siiri akanyoosha mguu mrefu kama deni, kisahani kikagonga ncha ya kiatu kikaruka juu. Mkahawa ukalipuka.

Ndipo sauti ya Helmi ikarudi.

"Simama! Simama mama, usilale, wanakuja tena! Mtazame wa kushoto! Wa kushoto, wewe!"

"Wa kushoto, Siiri!" mtu mwingine akapiga kelele kwa nguvu zaidi, na wote wakageuka. Alikuwa Chumvi, kasimama juu ya kiti. "Mzuie huyo jambazi! Nyie mabeki mnalipiwa ada ya nini? Msaidieni mtoto!"

"Chumvi, hao unaowaita majambazi ni timu yako!" Mwalimu alimkumbusha.

"Niache! Nawajua kuliko wewe!"

Kisha mambo yakaisha kama yanavyoishaga. Dubu mmoja alipiga kutoka mbali, shuti la kivivu. Siiri alikuwa kashalifikia. Kisahani kikagonga kiatu cha beki wake mwenyewe, kikageuka, kikapita kati ya miguu ya Siiri na kuingia golini. Dubu wakatupa glavu hewani. Siiri alibaki amepiga magoti, kichwa chini, hadi nahodha yule wa Kanada alipoacha kushangilia, akaja, akamwinua kwa mikono yote miwili, akamwambia neno sikioni.

Hakuna aliyeshangilia kwa Lorraine. Mji wa Dubu, ubingwa umekuja, na mtu angedhani wameletewa maiti.

Simu ya Helmi ikalia baada ya muda. Siiri akatokea kwenye kioo chake, bado na mapedi, jasho na machozi usoni.

"Bibi. Tumefungwa."

"Nimeona."

"Uliona yote?"

Helmi alitazama dirisha, akatazama gari. "Mwisho nimeona kwa macho. Yale ya mwanzo nilikuwa nje garini, naogopa. Sikuweza, mama."

Siiri akacheka hadi akapaliwa. "Mimi nilikuwa naogopa pia, ila mimi sikuwa na gari!"

Hapo ndipo Helmi alipolia, akicheka, akipangusa pua kwa mkono wa koti. "Yule nahodha kakwambia nini?"

"Kaniuliza nilikuwa wapi miaka minne yote."

Simu ikanyang'anywa, ikazungushwa meza nzima, kila mtu akipiga kelele lake. Ilipofika kwa Chumvi aliifunika kwa mkono, uso umemuiva.

"Dale, bwana," Mwalimu akamwambia, "changamka. Mmechukua kombe."

"Nani kachukua? Tumeibiwa! Kile kisahani kimegonga kiatu! Goli gani hilo? Nataka mechi irudiwe!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndugu yangu."

"Mimi sijashindwa, Mwalimu!" Chumvi alifoka. "Mimi nimeshinda. Ndiyo maana sikubali!"