Gari Niliyoifunga Kamba

Jamani, leo nimepata haya mbele ya wakwe wote!

Zaina, muke wangu, mama Hadija, ana mwezi mzima kwa wazazi wake ng'ambo ya ziwa, kule muji wa Baraka. Aliondoka akisema, "Wewe hauamini mutu, hauamini kitu." (Alienda sokoni, nikapigia dada yake simu mara tatu kuhakikisha. Siku moja.) Baba mukwe akaniambia nije tuongee, nione kama atarudi. Basi asubuhi nikaazima gari ya kaka yangu, nikatoka Rumonge na kile kivuko kipya cha mwendo kasi kinachobeba magari.

Sasa mimi nimekulia kwenye boti za mbao. Kule kila mutu anafunga muzigo wake mwenyewe, bidoni (madumu) za mawese, mbuzi, kitanda. Usipofunga, ziwa linachukua. Huku baharia ameweka vipande viwili vya mbao chini ya magurudumu, basi!

"Iko sawa, papa. Panda juu."

"Na kamba?"

"Kamba ya nini? Haitembei hii."

Haitembei! Na kivuko kinakimbia hivi!

Juu nilishindwa kukaa. Nikanunua chai, sikuinywa. Nawaza gari ya watu, Zaina, mawimbi. Nikashuka kimyakimya, nikatoa kamba (mutu wa Rumonge anatembea na kamba, musiniulize), nikafunga bampa ya nyuma kwenye pete ya chuma ya sakafuni. Mafundo manne. Nikapumua.

Sijamaliza kupumua, tumefika! Kwa boti ya mbao ningekuwa bado naona michikichi ya Kigwena, upande wetu. Honi zinalia nyuma yangu, mulango wa chuma unashuka, na pale ufukweni wamesimama Zaina, baba mukwe na wajomba wawili wenye kanzu. Nikachanganyikiwa. Nikawasha gari, haitoki. Nikakanyaga mafuta.

KRAAA!

Nilisimama mbele ya miguu ya baba mukwe. Bampa imebaki kwenye kivuko. Baharia akaileta ameibeba begani.

"Papa, chukua. Kamba nimeikata na kisu, mafundo yamenishinda."

Baba mukwe akaiangalia. "Mukwe wangu, nani alifunga?"

"Ni mimi, baba."

"Hawakukukataza?"

"Walinikataza."

Aibu gani hii! Nimevuka ziwa kuja kusema nimebadilika, na ushahidi umebebwa begani. Mujomba mmoja akageuka, mabega yanatikisika. Zaina kajifunika uso na kitenge. Nikajua analia, nimeshamupoteza. Kumbe anacheka mpaka kakaa chini kwenye muchanga!

Tumekula, tumeongea. Mwishoni Zaina akasema, "Baba Hadija, nitarudi. Lakini kwenye kivuko utakaa juu na mimi, na hautashuka."

Ndiyo tuko njiani sasa, juu kwenye kivuko. Ameshika mukono wa shati yangu.

Kaka, kama unasoma hii, bampa iko ndani ya buti na gari iko salama. Nadhani. Sina ruhusa ya kwenda kuangalia.