Kitenzi cha Wakubwa

Jumatatu, 4 Machi
Bi Mkubwa, mwenye karakana yetu ya ushonaji, ametangaza: wiki hii mmoja wetu atakuwa mkuu wa meza ya kukatia. Ama mimi, ama fundi mwenzangu, Sindano. Mimi nimekata sare za shule tangu Sindano hajui kushika mkasi! Mama watoto kanishauri niwahi kazini. Mawazo ya kizamani. Nimefungua kamusi ya Kiingereza. Wakubwa wana maneno yao.

Jumanne, 5 Machi
Nimelipata. Delegate! Kitenzi. Asili: Kilatini, kumtuma mjumbe. Maana: kumkabidhi mtu kazi yako, pamoja na mamlaka yake. Hapo kwenye mamlaka sikukawia. Chai ilikuwa inapoa. Matumizi: unataja kazi, kisha anayepewa. Rahisi mno. Nikamkabidhi Sindano suruali zote. Akaguna: "Kaka, mgongo unauma?" Nikamwambia huu ni uongozi. Akacheka, akakata.

Jumatano, 6 Machi
Nimekabidhi sketi. Nimekabidhi kola. Nimekabidhi hata tepu ya kupimia, maana inaniwasha shingoni. Mchana kutwa nimekaa kama mtu wa mipango. Bi Mkubwa akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwa kitenzi. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nadhani kilimwingia.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu mkuu mmoja kaja na oda. Hapa kwetu mteja huongea na mwenye tepu shingoni. Hakuna anayeuliza cheo. Akanipita kama robota la vitambaa, moja kwa moja kwa Sindano. Wakaelewana. Oda ya shule nzima! Nimefurahi sana. Si mjumbe wangu? Nyumbani mama watoto kauliza, taratibu, kama tepu nimerudishiwa. Mke wangu na vitu vidogo!

Ijumaa, 8 Machi
Sindano ndiye mkuu. Bi Mkubwa kasema hajaona mtu anayebeba kazi ya wawili bila kununa. Makofi. Nami nikapiga, polepole. Nikamkumbusha Bi Mkubwa nani alimtuma Sindano. Akasema kamusi nimeisoma nusu: kazi niliitoa, mamlaka nayo yakaifuata. Sindano hakunicheka sana. Kaniita "mheshimiwa" mara moja tu, kisha akaniomba, tena kwa adabu, nimsaidie kushona vifungo. Mashati yote.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka mwepesi. Bi Mkubwa kadokeza kwamba atahitaji mkuu wa umaliziaji: vifungo, pindo, pasi. Cheo kipya kabisa! Safari hii sikosei. Kosa langu lilikuwa kumchagua mtu mwenye tamaa. Mpiga pasi wetu ni mpole, hana makuu. Nimemkabidhi vifungo vyote, na ili asiniulizeulize, nimemwachia funguo za kabati la nyuzi. Kavishona vizuri ajabu! Bi Mkubwa kasimama pale kwake muda mrefu, akitabasamu, akimuuliza alikuwa wapi siku zote. Sijawahi kukikaribia cheo namna hii!