Saini ya Meneja

Saa saba mchana, Marashi alisimama kwenye kona ya ukumbi mkubwa akitazama kitu ambacho mwingine angekiita msongamano tu. Nyuma ya vyuma vya kuzuia umati walijipanga watu wapata mia tatu, kila mmoja na daftari, kalamu na simu yenye chaji kamili, wakiwasubiri waigizaji na waimbaji waliokuja kupewa tuzo. Sherehe ilikuwa ya siku mbili. Tatizo ni kwamba magari yenye vioo vyeusi yalipinda kulia na kuingilia mlango wa nyuma, wa jikoni. Nyota walipita kando ya masufuria, na umma ukaachiwa vumbi.

Marashi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa harufu yake humtangulia na maneno yake hufuata, aliingiwa na huruma. Kalamu mia tatu, na hakuna wa kuzishika! Moyo wa mtu mwema lazima uume, na wake uliuma mpaka akatoka mbio kwenda kwa Mnara.

Mnara alikuwa fundi saa, mrefu kuliko mlango wa kibanda chake, mkimya kama saa alizokwisha kuzikatia tamaa. Juma hilo macho yalimsumbua, na daktari alikuwa amempa miwani nyeusi. Marashi akaona nusu ya kazi imeshafanyika. Akamweleza kwamba atashuka kwenye teksi, atanuna, atasaini. Meneja wake ni Marashi. Mnara akauliza yeye ni nyota wa nini hasa.

"Hilo tuwaachie wenyewe," Marashi akasema.

Ni haki ieleweke kwamba Marashi, aliyekwisha kusaini kwa niaba ya wakurugenzi, walimu wakuu na marehemu wawili, hakuwa ameandika jina lake mwenyewe kwa miezi minane. Alipanga chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kwa kodi ya enzi za marehemu mwenye nyumba. Mjane wa marehemu alikitaka ili bintiye aweke cherehani zake, na mkataba ulisema mpangaji ataondoka mwezi mmoja baada ya kutia saini barua ya kuarifiwa, mbele ya mashahidi wawili. Barua ilikuwa tayari. Saini ndiyo haikupatikana. Mama akigonga, Marashi yuko bafuni. Akimvizia mlangoni, ameshatokea dirishani. Kuna wakati alifunga bandeji mkono wa kulia, akasikitika sana kwamba hawezi kushika kalamu, mpaka asubuhi moja bandeji ikaonekana imehamia mkono wa kushoto. Mama mwenye nyumba aliitazama tu. Alimpa pole.

Basi teksi ikasimama mbele ya vyuma. Marashi akaruka nje, akatanua mikono kuwazuia watu ambao hawakuwa wamesogea hata hatua.

"Jamani, mwacheni apumue. Ametoka uwanja wa ndege sasa hivi."

Papo hapo wakasogea. Mnara akashuka, mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye kidogo, akanuna. Dada mmoja muuza viatu akamnong'oneza Marashi: huyu ni nani?

Marashi akamtazama kwa upole wa daktari. "Dada yangu, punguza sauti. Wakikusikia watakucheka."

Dada akamgeukia jirani yake na kutangaza kwamba yeye anamfuatilia huyu tangu alipokuwa mwembamba. Ikatosha. Baada ya nusu saa mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akishikilia kwamba filamu yake ya kwanza ndiyo filamu, hizi za sasa anatafuta hela tu. Kinyozi akabisha kwamba jamaa ni mwimbaji, filamu ameanza juzi. Wakakaribia kukunjana mashati. Picha ilikuwa na bei yake, saini na bei yake, na zote pamoja Marashi alizitoa kwa bei ya kindugu. Mnara alisaini alivyozoea kwenye vikaratasi vya kazi, na wapo watu ambao mpaka leo wametundika sebuleni, ndani ya fremu, maneno yasemayo "Imetiwa mafuta, isiloweshwe."

Siku ya pili watu walirudi wamevaa vizuri zaidi. Ndipo akajitokeza mama wa makamo, suti ya kijivu, albamu kubwa ya jalada gumu mkononi. Mnara hakumtupia hata jicho.

"Nyota kila mtu anao, kaka," akamwambia Marashi. "Mimi nakusanya mameneja."

Akaeleza kwamba nyota huwaka, lakini anayewasha haombwi hata mstari mmoja. Amemtazama kwa saa nzima, anavyoushika umati, anavyopanga maneno. Watu wa namna hii ni wa kutafuta kwa tochi. Marashi, aliyewavisha wengine kilemba cha ukoka tangu ujana wake, alihisi hicho kikitua kichwani mwake, akaona kinamkaa vizuri.

Ukurasa ulikuwa wa karatasi nene nyeusi, umekatwa vidirisha vitatu vyeupe.

"Jina kamili tafadhali, na tarehe. Mameneja wa kughushi wamejaa siku hizi."

"Wamejaa kweli," Marashi akasikitika naye.

Kalamu ilisita kidogo, mkono ulikuwa umesahau njia. Kisha jina likamiminika, na mkia mrefu chini yake. Mama akamwomba muuza viatu na mzee mwenye kofia nao wasaini kwenye vidirisha vilivyobaki, kama watu walioshuhudia kwa macho yao. Wakasaini kwa fahari. Akampiga Marashi picha ameishika albamu wazi, akashukuru, akaondoka.

Walioona hayo wakahisi kuna kitu wanapitwa nacho. Foleni ikamhamia meneja. Akasaini madaftari kumi na moja na hakutoza hata moja. Mnara alibaki peke yake kando ya teksi, kanuna kikweli sasa.

Wa kumi na mbili alikuwa mama mwenye nyumba. Alikuja na ile albamu, na mwenye suti ya kijivu yuko kando yake.

"Huyu dada yangu," akasema. "Karani mstaafu wa mahakama."

Akainua ile karatasi nyeusi. Chini yake ilitulia barua ya kuhama, saini ya mpangaji mahali pake, mashahidi wawili mahali pao.

"Mama," Marashi akasema kwa sauti ya chini, "hii ni hila."

"Mpwa wangu alirudi jana na picha ya nyota. Nyota sikumjua, nikanyamaza kama wengine. Lakini nyuma ya kiwiko chake nikamwona mtu na kalamu, hana hata bandeji. Nikasema labda miezi yote hii sijamwomba kwa heshima."

Marashi akavuta pumzi ya kupiga kelele kwamba saini si yake, ameingizwa mkenge mchana kweupe. Lakini mzee mwenye kofia alikuwa ameshasogea, daftari kifuani.

"Meneja, kwani hapa kuna saini za uongo?"

Watu kumi na mmoja wakafungua madaftari kulinganisha. Nyuma yao wengine wakaanza kumkagua Mnara upya, kuanzia viatu. Mnara akarudi kinyumenyume, akaingia kwenye teksi, akafunga mlango taratibu.

Mama mwenye nyumba akainua albamu ili wote waone. "Waambie, mwanangu. Ni yako au si yako?"

Marashi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu bora kuliko yote aliyowahi kuyauza.

"Ni yangu," akasema, mpaka wa nyuma kabisa wakasikia. "Kwa mkono wangu na kwa hiari yangu."

Umati ukampigia makofi.