Nilivyopanga Foleni ya Wanaotubu na Jogoo Kwapani

Aibu ya leo nimeipata kanisani, saa nne asubuhi, mbele ya washarika wote wa Maretadu, nikiwa na mtoto mgongoni na jogoo kwapani. Nawaandikia ninyi wenzangu wa fomu foo kabla hamjasikia kwa wengine. Maana mtasikia. Paskalina alikuwepo, na mdomo wa Paskalina mnaujua.

Kwanza mjue kwa nini nilikuwa na hasira.

Pale kanisani kwetu kuna mzee wa kanisa anaitwa Mzee Tluway. Yeye hukaa mlangoni. Kazi yake ni kidole. Mtoto akikohoa, kidole kinakuangalia. Mtoto akilia, kidole kinaonyesha mlango. Hasemi neno. Unabeba mtoto wako, unatoka, unaenda kusimama dirishani na upepo wote wa Mbulu unakupiga masikio. Elibariki wangu ana miezi kumi na moja. Miezi tisa kati ya hiyo nimesali dirishani! Nawajua kuku wote wa jirani na kanisa. Mahubiri siyajui.

Na mchungaji wetu, Mungu ambariki, ana mfululizo wa tafakari juu ya uongozi. Kila Jumapili anaanza hivi: "Wapendwa, nilipokuwa Basotu, washarika walinipa kondoo." Huyo kondoo ni wake kabisa, wa kweli, si wa kwenye Biblia. Akaingia kwenye mashamba ya ngano, ngano imekomaa, kondoo haonekani. Mchungaji akavua viatu, akaingia kumtafuta. Hapo ndipo anapoanza kutufundisha uongozi: kiongozi ni nani, anavaaje viatu, anavuaje viatu. Na hapo ndipo Elibariki analia. Kidole. Mlango. Dirisha.

Miezi tisa sijui kama yule kondoo alipatikana!

Nimemuuliza mume wangu Emanueli. Yeye ni mpiga kinanda wa kwaya, anakaa ndani mwanzo mpaka mwisho. Anasema, "Aah, ni ndefu, muulize mwenyewe." (Mwanaume huyo anakula kwangu.)

Sasa jogoo. Msimu wa baridi Elibariki aliugua nimonia. Siku tatu kituo cha afya, anahema kama mvukuto. Usiku ule wa pili niliweka nadhiri: Mungu akimponya, nitampeleka jogoo wangu mwekundu madhabahuni, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Akapona. Nikampeleka jogoo Jumapili ya kwanza, muda wa shukrani ukapita niko dirishani. Jumapili ya pili, dirishani. Ya tatu, dirishani. Jogoo amezoea njia ya kanisani kuliko washarika wengine. Mama mkwe wangu akaniambia juzi, taratibu, huku anachambua maharage: "Mwanangu, nadhiri haipitishwi dirishani." Sikulala vizuri. Mnajua mtoto akipiga chafya tu nilikuwa nawaza nini.

Basi leo nikaapa. Sitoki ndani. Hata dari lianguke.

Emanueli alitangulia na kinanda chake. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni, nikamfunga jogoo miguu kwa kipande cha kitenge, nikaenda. Nikakaa benchi la tatu kutoka mbele, katikati kabisa, ili kidole kinitafute. Nyimbo zikapita salama. Elibariki amelala. Mchungaji akapanda, akasafisha miwani, akasema, "Wapendwa, nilipokuwa Basotu..."

Nikasema moyoni, leo! Leo namfuata huyu kondoo mpaka zizini.

Akaingia kwenye ngano. Akavua viatu. Elibariki bado amelala. Akasema, "Nikasikia sauti." Mimi nimeshika benchi. "Nikasogea polepole..."

Jogoo akawika.

Si kidogo. Akawika kama yuko juu ya banda lake. Mchungaji akainua macho, akauliza, "Ni nani amemkana Bwana hapo?" Watu wakacheka, Elibariki akaamka, akaona watu wanacheka, akalia. Sikugeuka. Nilikihisi kile kidole kisogoni. Mwishowe Mzee Tluway akaja mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Mama Elibariki. Mtoto."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto."

"Aliyewika ni jogoo, mzee. Mtoto alikuwa amelala."

"Basi wote wawili."

Nikatoka. Niseme nini, ni mzee, na nimeshamwamkia.

Nje nilimkuta Paskalina na mapacha wake, mmoja kila titi. Nikamwambia nimechoka, kanisa hili ni la watu wasio na uzazi. Akasema, "Tulia, ukikasirika maziwa yanakauka." Nikatulia kwa dakika kama ishirini hivi. Elibariki akanyamaza, akawa anamvuta jogoo mkia.

Halafu nikachungulia. Mahubiri yameisha, sadaka zimepita, kwaya inaimba polepole, na pale mbele watu watano wamejipanga foleni wakimwelekea mchungaji.

Shukrani! Muda wake ndio huo, baada ya sadaka, miaka yote. Sikumuaga Paskalina. Nikaingia mlangoni kama ng'ombe aliyeona chumvi. Mzee Tluway akanyanyuka.

"Mama Elibariki, hiyo siyo..."

"Leo hunitoi, mzee!"

Nikampita. Nikasimama wa sita kwenye foleni, kifua mbele, jogoo mbele ya kifua. Nikawatazama wenzangu. Kijana na binti wamesimama karibu karibu. Mwanaume mmoja wa makamo anaangalia viatu vyake. Mama mmoja anajifuta machozi. Kando yangu binti mdogo amejifunika kanga mpaka usoni. Nikaona wote wamekuja mikono mitupu. Nikawaza, ama kweli watu wagumu, Mungu kawatendea mambo mpaka wanalia, halafu hata yai hawakuleta! (Nilimwinua jogoo kidogo ili waone mfano.)

Mchungaji alipofika kwangu kwa macho, akavua miwani. Akaivaa tena.

"Mama Elibariki, na wewe?"

"Na mimi, mchungaji."

"Una hakika?"

"Mwezi mzima naitafuta siku hii."

Nyuma yangu nikasikia "Heee!" ya kanisa zima. Nikajua wanamsifia jogoo.

Mchungaji akafungua kitabu, akasoma maneno mazito ya dhambi na kuanguka. Hayakunishtua. Kanisani dhambi hutajwa kila saa kama mbolea kwenye mkutano wa wakulima. Akauliza kama tunakiri na kujuta. Wenzangu wakajibu kwa sauti ya chini, "Nakiri." Mimi nikaona wanaoneana aibu, nikawasaidia:

"NAKIRI!"

Kinanda kikakatika katikati ya wimbo.

Mchungaji akasogea karibu, akashusha sauti kwa upole. Lakini ile maiki ameivaa kifuani, kwa hiyo upole wake ukasikika mpaka barabarani. "Mwanangu, unarudi kutoka wapi?"

Swali gani hili? Nikajibu ukweli. "Dirishani, mchungaji. Miezi tisa niko dirishani."

Hapo ndipo mama mkwe wangu akasimama. Mama yule hasimami ovyo, magoti yanamsumbua. "Mchungaji, samahani. Huyu mke wetu amefanya nini?" Kabla hajajibiwa akageukia kwenye kinanda. "Emanueli! Ulijua?"

"Sijui chochote, mama!" Emanueli amenyoosha mikono juu kama amekamatwa na polisi. "Naapa sijui chochote!"

Yule binti wa kanga akanivuta sketi. Akaninong'oneza, "Dada, hii ni foleni ya kurudi kundini. Sisi ndio tuliotengwa na kanisa kwa dhambi. Shukrani siku hizi ni mwisho kabisa. Walitangaza Jumapili iliyopita."

Wenzangu. Mimi. Niliyefunga ndoa pale pale, pete kwanza, mimba baadaye, na niliyewahi kujivunia jambo hilo mbele ya watu (mlikuwepo, msijifanye). Nimekiri kwa sauti, mbele ya mama mkwe, kosa ambalo hata silijui, na jogoo wa ushahidi mkononi. Nikatamani sakafu ipasuke. Sakafu ya saruji, washarika tulichanga wenyewe, haikupasuka.

Sasa mwenye busara angeinama, aombe radhi, atoke. Mimi hasira zikapanda.

"Walitangaza!" nikasema, na maiki ikapokea. "Walitangaza ndani! Mimi ningesikia wapi? Mchungaji, kila Jumapili unatufundisha uongozi, unavua viatu, unaingia kwenye ngano, mimi natolewa nje! Miezi tisa! Hata sijui kama huyo kondoo wako alipatikana!"

Hata jogoo alinyamaza, shetani yule.

Mchungaji akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka mpaka akashika meza ya madhabahu. Kisha akafuta macho akawageukia watu.

"Wapendwa, nimeandika kurasa saba za uongozi. Nimewaeleza nilivyomtafuta kondoo mmoja Basotu. Na hapa Maretadu nina kondoo dirishani, nawaona kila wiki kupitia kioo, nikadhani wanapunga hewa." Akageukia mlangoni. "Mzee Tluway, lile benchi la mbele ni la nani?"

"La wageni wa heshima, mchungaji."

"Waite wageni."

Basi Paskalina akaingia na mapacha, na wengine wawili, tukakalishwa mbele. Yule binti wa kanga na wenzake wakapokelewa vizuri, mchungaji akawashika mikono mmoja mmoja, na mimi nikapiga makofi kuliko wote (ni wenzangu, tulikuwa foleni moja). Katibu wa usharika akanyoosha mkono kuuliza. Jina langu ameshaliandika kwenye kitabu cha waliorudi, kwa kalamu ya wino. Afanyeje?

"Liache," mchungaji akasema. "Toba ya akiba haiozi."

Mama mkwe akakaa. Emanueli akashusha mikono.

Na sasa, sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipomalizika. Mchungaji akasema, "Kabla ya shukrani, kwa ajili ya Mama Elibariki peke yake, nitarudia ile habari kwa kifupi." Kanisa zima likageuka kuniangalia kwa upendo. Akaanza. Basotu. Ngano. Viatu. Benchi la wageni lina mto. Upepo haufiki. Elibariki amelala kifuani kwangu, ana joto kama mkate. Mimi nimeamka saa tisa usiku kumnyonyesha. "Nikasikia sauti," mchungaji akasema, "nikasogea polepole..."

Kitu kilichofuata ni kidole. Cha Mzee Tluway. Kinanigonga bega.

"Mama Elibariki. Amepatikana."

Nikafungua macho. Watu wote wananitazama. Paskalina amejiziba mdomo kwa nepi. Mchungaji ameshafunga kitabu.

"Wapi, mzee?"

"Usingelala," akasema. Kisha kidole kile kile kikageuka, kikaonyesha mbele. "Foleni ya shukrani ndiyo ile. Nenda, mimi nitamshika mtoto."

Nikaenda. Nimetoa nadhiri yangu kwa mikono yangu, wa kwanza kwenye foleni, jogoo akawika mara ya pili, na hakuna aliyetolewa nje. Nilipogeuka, Elibariki alikuwa ameking'ata kile kidole kwa meno yake mawili, na mzee wa watu ametulia tuli.

Kwa hiyo, wewe Fabiola uliyeolewa Basotu, najua unavyocheka hapo ulipo. Acha kucheka, toka uwaulize majirani: yule kondoo wa mchungaji alipatikana wapi?