Waraka wa Kasi na Elektroni za Polepole

Kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa Waraka wa Kasi, nawatangazia wote wanaohusika na wasiohusika kwamba uvivu umekomeshwa rasmi katika jengo letu la maabara, ghorofa zote tatu, vyoo vikiwemo.

Mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Vinywaji vya Moto. Zamani nilikuwa mpika chai, ila Waraka ulitupandisha vyeo wote siku moja ili kuokoa muda. Waraka unataka kila kitu ndani ya jengo kiende mbio: watu, mafaili, hata maji ya bomba. Kitakachopimwa kikaonekana cha polepole kuliko vyote kitaondolewa siku hiyohiyo, na rufaa isicheleweshe jambo. Basi nami nikawa namimina chai huku nakimbia. Niliwaunguza watu wawili tu, na wote waliungua kwa wakati.

Aliyeuandika ni Mkurugenzi wetu, ambaye sisi wa jikoni tunamwita Bwana Chapchap. Ukimvizia kwenye korido na karatasi yako ya kusainiwa, ameshapita. Unabaki na harufu ya manukato.

Siku moja alikuwa anapita chumba cha mjukuu wangu, akafunga breki. Mjukuu wangu ni mwanasayansi. Mashine yake ni pipa la chuma lililonyonywa hewa yote, likatiwa gesi kidogo mno. Waya wa moto unatema elektroni, molekuli za gesi zinazidaka, na molekuli ikishaidaka elektroni inakuwa ioni hasi. Sindano ya mita inapanda kuonyesha zimepatikana ngapi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo halikunishinda. Ni habari ya kupokea mgeni tu.

"Mbona umeme umeuweka chini hivi?" Bwana Chapchap akauliza.

"Elektroni zikienda polepole ndiyo molekuli zinaziwahi, Mheshimiwa. Zikienda mbio zinapita zao."

"Yaani elektroni za serikali zinatembea kama zinakwenda msibani? Pandisha!"

"Lakini Mheshimiwa..."

"Pandisha mpaka mwisho!"

Akapandisha. Sindano ikalala kwenye sifuri. Bwana Chapchap alifurahi sana kuona hakuna msongamano. Hapohapo akatamka kwamba mashine isiyozalisha kitu ni mzigo: Mkaguzi akija kutoka makao makuu, itolewe nje, na mwenyewe aifuate.

Mjukuu wangu aliiunda mashine ile kwa miaka sita, skrubu kwa skrubu. Hakulia. Alijaza Ombi la Kibali cha Kwenda Polepole, akalipeleka Ofisi ya Kasi, yaani kwa Mkurugenzi, hatua kumi na moja kutoka mlangoni pake. Kila asubuhi nikipeleka chai nalikuta palepale mezani, limekaliwa na miwani ya jua.

"Vipi lile ombi la mtoto, baba?"

"Bibi, linashughulikiwa kwa kasi!"

Siku ya thelathini na nane Mkaguzi akaja, mama mmoja mfupi, saa ya kuhesabia sekunde inaning'inia shingoni. Bwana Chapchap akamwonyesha ile sifuri kama mtu anayeonyesha kombe la ubingwa. Muhuri ukatolewa mkobani.

Nikaona nisipofungua mdomo sasa, mtoto amekwisha. "Mama Mkaguzi," nikasema, sinia mkononi, "kitendawili!"

"Tega," akajibu. Hata wa makao makuu hajizuii.

"Nikikimbia, napita nyumba zote na hakuna anayenipata. Nikitembea, nyumba ya kwanza inanishika, haitaki niondoke."

Akatazama dari. Akatazama viatu. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji wa nini na magoti haya? Nipe dakika moja ya ile swichi ya umeme."

Mjukuu wangu akashusha umeme. Sindano ikashtuka, ikapanda, ikagonga mwisho wa mita. Mkaguzi akacheka mpaka saa ikaruka kifuani.

"Elektroni! Kumbe ndizo!"

"Ndizo, na ni wazembe," Bwana Chapchap akadakia. "Waraka hauna huruma, Mkaguzi. Cha polepole kitoke."

"Haya, kipimwe. Hizi zinakwenda kasi gani?"

"Hizi za polepole kabisa," mjukuu wangu akasema, "ni kama kilomita sitini."

"Mmesikia!" Bwana Chapchap akapiga makofi. "Sitini kwa saa! Hata gari langu linazipita!"

"Kwa sekunde, Mheshimiwa."

Mkaguzi akaandika, kisha akauliza kama kuna kingine humu kinachosafiri.

"Lipo ombi langu," mjukuu wangu akasema. "Kwenda na kurudi ni hatua ishirini na mbili. Limeondoka siku thelathini na nane sasa, halijarudi."

Mkaguzi akaenda mwenyewe, akainua miwani ya jua, akasoma tarehe. Akapiga hesabu mara mbili, maana ya kwanza alidhani kikokotoo kimeharibika. Kisha akapiga muhuri: chombo cha polepole kuliko vyote jengoni ni Ofisi ya Kasi, pamoja na Mkurugenzi wake. Kiondolewe leo.

"Nakata rufaa!"

"Rufaa isicheleweshe jambo," Mkaguzi akamsomea. "Hapa umeandika vizuri sana, kaka yangu."

Nina furaha kuripoti kwamba utekelezaji unaendelea. Mashine imebaki mahali pake, swichi iko chini, na mjukuu wangu anadaka ioni mpaka anaimba. Mkurugenzi aliamua kuondoka na kiti chake cha ngozi. Kiti chenyewe kizito, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tukamwona akitembea. Mlango wa kwanza ukafunguka, mfagiaji akamshika mkono: ana karatasi ya kusainiwa tangu mwaka juzi. Wa pili, mlinzi. Wa tatu, fundi bomba, naye ana mafaili mawili. Kisheria saini yake inafanya kazi mpaka afike getini, na hakuna aliyekubali kumwachia.

Saa kumi nilimpelekea chai. Alikuwa bado ghorofa ya tatu.