Kiti cha Tata na Mawese ya Kisa

Jumatano, 9 Aprili 2025
Tata, baba yangu, kapiga simu kutoka kijijini Ipinda. Anakuja Jumapili! Tangu nianze ufundi wa viti, hajakalia hata kimoja. Husema vitu vyangu ni vya kutazamwa kwa mbali. Safari hii atakaa, na atanishukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Nimenunua fito mbichi za henzirani kwa muuzaji Shabani. Zebedayo, fundi wa Bondeni, anajisikia kweli! Kapita na ushauri ambao sikuuomba: fito zichemshwe, zianikwe kivulini, na kwa mvua hizi zingoje wiki kadhaa. Wiki! Mimi nitazichemsha kwenye mawese. Maji yatoke, mafuta yaingie, kazi kwisha. Mke wangu Kisa kauliza tutapikia nini. Nimemwomba asiingilie utaalamu.

Alhamisi, 10 Aprili
Mtaa wetu wote wa Mbugani unanukia. Majirani wawili wamekuja wakidhani kuna shughuli, wameondoka wamenuna. Lakini fito zinapindika kama tambi! Nimekunja miguu, mikono na mgongo, nimesuka na kikalio. Zebedayo ajifunze.

Ijumaa, 11 Aprili
Kiti chekundu. Kinateleza. Hakikauki. Mvua tangu alfajiri. Sisimizi wamekipenda sana. Nimekipandisha kwenye kichanja juu ya moto wa kuni, nikachochea haswa. Jioni kigumu kama chuma! Kisa anadai kakisikia kikilia ta, ta, ta. Nimemweleza kuwa kinajikaza.

Jumapili, 13 Aprili
Aibu. Tata kaingia, na Kisa kakimbilia chumbani kama mila inavyotaka. Mkwe haonani na baba mkwe, na Tata kwa mila hana mchezo. Kakaa. Kapapasa mkono wa kiti. Kasema, "Ndaga, mwanangu." Asante, kwa mdomo wake mwenyewe! Machozi yalinilenga, sifichi.

Kisha kikalio kikapasuka. Tata akazama, magoti kidevuni, mikono ya kiti imembana kiunoni. Nikavuta. Mikono yangu ikateleza kwa mawese. Mtaa huu hakuna mwenye nguvu kumzidi Kisa, naye yuko nyuma ya pazia, ananong'ona kwamba akitoka atakuwa amemvunjia mkwe heshima. Nikakimbia kanisani kumwita Zebedayo. Kaja na msumeno, na joho jeupe la kwaya, ambalo sasa si jeupe. Akiwa anakata, kamweleza Tata kwamba fito zimekaushwa kwa nguvu, nje zimekakamaa na ndani bado mbichi, lazima zipasuke. Nani alimuuliza?

Jumatatu, 14 Aprili
Tata kaondoka asubuhi amevaa suruali yangu. Yake imekuwa ya mawese. Kabla ya kupanda bodaboda kanishika mkono. Kasema pale mwanzo, kabla hajazama, alikaa vizuri kuliko nyumbani kwake. Kasema nitengeneze kingine, nisiharakishe, nikiache kikauke kwa wakati wake, yeye atangoja. Hajawahi kuniambia maneno kama hayo. Nimelia mpaka Kisa kaniletea maji.

Nimewaza mchana kutwa. Mzee wa umri ule, na upole wote ule, nimngojeshe wiki kadhaa? Siwezi. Atakuwa na kiti chake kabla ya Jumamosi. Kosa nimeshaligundua: moto ulikuwa mdogo.