Jiwe la Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Julai
Aibu tupu. Familia nzima tulikaa uani hapa Milanzi, kila mtu na jade yake, hilo jiwe gumu la kijani ambalo tangu mwaka jana limetugeuza wote mafundi. Tunaokota mtoni, tunakata, tunapiga msasa. Mke wangu Gaudiosa amechonga tone la maji. Binti yetu Lydia, jani. Shemeji Teodori, kaka yake Gaudiosa, ametoa msalaba unaong'aa mpaka mtu anaweza kujitazama akinyoa ndevu. Mimi nimetoa kitu. Lydia aliniuliza, kwa adabu zote, kama ni figo.

Jumamosi ijayo ni misa ya kumkumbuka marehemu baba mkwe. Mama mkwe atachagua kidani kimoja akivae kanisani. Teodori anasema tayari ameshanunua kamba ya msalaba wake. Kiburi gani hicho! Shida yangu si mikono. Shida ni jiwe. Nikipata jiwe la maana watanitambua.

Jumapili, 7 Julai
Nilikwenda Mollo kumwamkia mama mkwe. Alikuwa nyuma ya nyumba, anapura ulezi. Nikakaa kumsubiri kama mkwe mwenye heshima zake. Upepo ukasukuma mlango wa jiko. Nikaliona! Jiwe lake la kusagia ulezi, lile dogo la juu, la kushika kwa mikono miwili. Limelowa, laini kama kipande cha sabuni, kijani. Kijani kabisa!

Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Huku hata mtoto mdogo anajua. Niliingia. Niliingia kinyumenyume, ili angalau nisitazame vyungu vyake. Jiwe likaingia kwenye begi, mahali pake nikaweka la mtoni nililokuwa nimelibeba begini, ukubwa uleule. Hatajua. Jiwe ni jiwe. Tena kidani ni chake mwenyewe, kwa hiyo huu si wizi. Ni kama nimempelekea kwa fundi.

Jumanne, 9 Julai
Gaudiosa alikwenda sokoni, nikawasha grenda, mashine yetu ya kukatia mawe. Diski ni ya Teodori, nimeiazima bila kumsumbua kwa kumwambia. Lilipotoka kwenye begi jiwe lilionekana limefifia. Nikajua kijani kimejificha ndani, jade ina haya. Likapasuka vipande viwili. Ndani kijivu. Kijivu mwanzo mwisho!

Ndipo nikakumbuka paa la jiko la mama mkwe. Lina bati moja la plastiki la kupitishia mwanga. La kijani. Mle ndani hata mimi nilikuwa wa kijani.

Jioni Gaudiosa akaanza kusimulia habari za jiwe lilelile, bila mtu kumuuliza. Mama yake alipewa siku ya kuolewa, akaja nalo kichwani. Watoto wote wamekulia unga wake. Jumamosi atasaga kwa mkono ulezi wa wageni, kwa heshima ya marehemu, unga wa mashine hautaki. Nikapaliwa na chai. Vipande viko nyuma ya gunia la mahindi, na mimi siwezi kumtazama mke wangu usoni.

Alhamisi, 11 Julai
Gundi. Wazo zuri! Nimeunganisha vipande na kiganja changu. Lydia alinibandua kwa maji ya moto, akaliangalia jiwe, akaniangalia mimi, akaenda zake. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 13 Julai
Misa ilikuwa nzuri. Mama mkwe alivaa jani la Lydia. Teodori alikunja kamba yake akaitia mfukoni, na hata hilo sikulifurahia.

Halafu ugali, ukumbini kanisani. Katekista Modesti alitafuna tonge la kwanza likasikika mpaka mlangoni. Akaacha kutafuna. Mwingine naye. Ukumbi mzima ulikuwa unakwaruza! Jiwe langu la mtoni lilikuwa la kumomonyoka, limejisaga lenyewe pamoja na ulezi. Mama mkwe akasimama, akawaomba wageni wamwie radhi, akasema jiwe lake limezeeka kama yeye. Mwanamke ambaye unga wake unasifiwa Mollo nzima, anaomba radhi kwa ajili yangu. Nilikula sahani yote, mchanga na machozi.

Baadaye akaniita pembeni. Kumbe Jumapili aliniona natoka jikoni. Akaniuliza taratibu kama ndani ya jiwe kulikuwa na kijani. Nikasema hapana, mama. Akasema pole.

Nilitaka anitukane. Nilitaka anifukuze mbele za watu. Pole! Sijawahi kuona aibu kama hii tangu nizaliwe.

Jumapili, 14 Julai
Nimetubu. Nimemrudishia vipande vyake kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Nimeapa sitagusa tena jiwe la mtu yeyote. Amenisamehe. Akasema nikitaka kumfurahisha nikapalilie kaburi la baba mkwe, majani yamelizidi.

Nilikwenda nikiwa mtu mpya. Nimepalilia kwa upendo, nimeng'oa mpaka mizizi. Kaburi limezungushiwa mawe, na moja, upande wa kichwa, ni la kijani. Juani, siyo chini ya bati! Nimelilamba kuhakikisha.

Marehemu alikuwa mtu mkarimu sana. Kesho alfajiri nakwenda mtoni kutafuta linalofanana nalo.